Diski Iko Wapi? Mafunzo Niliyopata Kati ya Kawale na Dzaleka

Kontena huwashwa likijulikana kuwa litakufa. Programu iliyomo ikianguka, Kubernetes huwasha kontena jipya, na chochote kilichoandikwa ndani ya lile la kwanza hupotea nalo. Kwa ukurasa wa matangazo hakuna neno. Kwa hesabu za duka, zenye majina ya wadeni na kilo za unga walizokopa, huo ni msiba.

Kazi yangu ni kutunza klasta ndogo inayobeba hesabu za namna hiyo. Wenye hesabu ni wafanyabiashara, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, wanaouza unga, mafuta ya kupikia, sabuni na vitenge huko Kawale jijini Lilongwe, na katika kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, mwendo wa takriban kilomita 45. Kituo cha data hatuna. Tuna seva za mitumba katika chumba kimoja cha Kawale. Proxmox inazigawa kuwa mashine pepe, na ndani ya mashine pepe hizo K3s, ambayo ni Kubernetes iliyopunguzwa uzito, inaendesha makontena. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayefanya kazi kama hii kwa vifaa kama hivi.

1. Ifuate data mpaka ufike kwenye chuma

Kubernetes inaona nodi. Haioni kwamba nodi tatu inazozihesabu ni mashine pepe tatu zilizolala juu ya diski moja ya seva moja. Iambie Longhorn, programu inayoyapa makontena volyumu za kuandikia, itunze nakala tatu za volyumu, nayo itazigawa kwa uaminifu kwenye nodi tatu, na skrini itakuonyesha rangi ya kijani kibichi kila mahali. Kumbe nakala zote tatu ziko kwenye diski ileile, na siku diski hiyo itakapokufa zitakwenda pamoja.

Ndiyo maana kijana anayejiunga nasi hupewa kwanza karatasi na kalamu. Anachora kontena linaloomba volyumu, volyumu iliyo ndani ya diski ya mashine pepe, diski hiyo ambayo kwa kweli ni faili au kipande cha hifadhi ya Proxmox, na hifadhi hiyo ambayo imekaa kwenye diski fulani ya seva fulani, yenye nambari tuliyoibandika kwa mkono. Mchoro usipofika kwenye nambari hiyo, haujakwisha. Baada ya hapo kila nodi inapewa lebo ya eneo inayotaja seva iliyo chini yake, na Longhorn inaamriwa isiweke nakala mbili katika eneo moja.

Mchoro huohuo unafichua suala la kura. Hifadhi ya etcd, inayoshika kumbukumbu ya klasta yenyewe, ikiwa na wanachama watatu inahitaji wawili wakubaliane ndipo iandike kitu. Mwenye seva mbili tu hana budi kuweka wanachama wawili upande mmoja, na upande huo ukizimika, klasta nzima haina tena uamuzi. Hakuna ujanja wa programu unaoliponya hilo. Itafutwe mashine ya tatu, hata kama kichakataji chake ni dhaifu, mradi diski yake iwe na kasi, maana etcd haivumilii diski ya polepole.

Mchoro unafichua pia nakala zilizowekwa juu ya nakala. Chini kuna Ceph, mfumo mwingine wa hifadhi, inayotunza nakala tatu, juu yake mtu ameweka Longhorn inayotunza tatu nyingine, na kila baiti inaandikwa mara tisa bila usalama kuongezeka mara tisa. Chagua tabaka moja. Mimi huchagua la juu, karibu na programu, kwa sababu Ceph inataka mtandao wa kasi na kumbukumbu nyingi, na seva za mitumba hazina hivyo.

2. Umeme ukikatika ndipo utajua nani alisema kweli

Januari 2022 kimbunga Ana kilibomoa bwawa la kituo cha Kapichira kwenye Mto Shire. Kituo hicho kilikuwa na uwezo wa kuzalisha megawati 129 hivi, karibu theluthi ya umeme wa nchi, na kukirudisha kulichukua zaidi ya mwaka. Aliyeendesha seva Malawi kipindi hicho alijifunza mengi kuhusu diski kuliko kitabu chochote kingeweza kumfundisha.

PostgreSQL, hifadhidata inayobeba hesabu, ikimwambia mama muuza duka kwamba deni limeandikwa, imekwisha kuuomba mfumo uhakikishe maandishi yamefika kwenye diski. Ombi hilo linapita mikono mingi: mfumo endeshi wa mashine pepe, kisha QEMU inayoiendesha mashine hiyo, kisha mfumo wa seva, kisha kashe iliyo ndani ya diski yenyewe. Ni lazima kila mmoja alipitishe. QEMU ina hali moja ya kashe inayopuuza ombi hilo kabisa ili kazi iende haraka, na hali hiyo inafaa kwa majaribio tu. Kuna pia diski za SSD za bei nafuu zisizo na kapasita za kuzishikilia umeme unapozimika, zinazoweza kupoteza maandishi ambayo zimekwisha kuyakubali.

Kabla ya hesabu ya mtu yeyote kuingia, tulijaza data ya kubuni, tukaendesha programu inayoandika bila kupumzika, kisha tukachomoa waya ukutani. Tulipowasha tulilinganisha yaliyothibitishwa na yaliyobaki. Jaribio hilo halina gharama, na ningependa lifanywe na kila anayetaka kupokea data za watu. Betri ya UPS ni muhimu, lakini isitumike kuficha diski inayosema uongo.

Lilongwe ina mfano mzuri wa watu walioliwazia hili mapema. Baobab Health, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mifumo yake ya kumbukumbu za wagonjwa, ilitumia vituo vya skrini za kugusa vinavyokula umeme kidogo, vikiwa na betri za akiba. Walianza na umeme, programu ikafuata.

3. Nafasi uliyoahidi iwe nafasi uliyonayo

Proxmox inakuruhusu kuzipa mashine pepe diski kubwa kuliko diski halisi, kwa matumaini kwamba hazitajaa zote kwa wakati mmoja. Zikijaa, haiathiriki moja peke yake, kila mashine inayoandika pale inasimama. Tena faili zikifutwa ndani ya kontena, seva iliyo chini haijui hilo mpaka ipelekewe taarifa ya kuachia nafasi, kwa hiyo washa chaguo la discard kwenye kila diski pepe na upange fstrim iendeshwe mara kwa mara. Weka kengele ya onyo ikiwa bado kuna nafasi ya kutosha kufanya kazi. Kumbuka pia kwamba volyumu ya Kubernetes huongezwa ukubwa, haipunguzwi. Anza na ndogo.

4. Picha za risiti ziende kwingine

Folda ya NFS inayofunguliwa na nodi zote kwa pamoja inafaa sana kwa picha za risiti na ripoti. Hifadhidata inafaa ikae kwenye volyumu inayoshikwa na nodi moja kwa wakati mmoja, na ikihitaji pacha, PostgreSQL yenyewe inajua kumpelekea pacha wake mabadiliko. Sina zaidi ya kusema hapa.

5. Klasta ikikusubirisha, ina sababu

Nodi moja ikipotea ghafla, watu hutarajia hifadhidata iamke kwenye nodi nyingine papo hapo. Haiamki. Kubernetes haijui kama mashine ile imekufa au imekatika mtandao tu huku ikiendelea kuandika, na mashine mbili zikiandika kwenye volyumu moja ndipo data inapoharibika kweli. Kwa hiyo inaacha volyumu imefungwa kwa mashine ya kwanza. Toleo la 1.28, la Agosti 2023, lilikamilisha njia rasmi ya kuiambia klasta kwamba nodi hii imezimika kweli, ichukue mali yake. Kauli hiyo ni nzito, na kwetu haitolewi na mtu aliye mbali na chumba cha seva. Mtu anafika, anaangalia kwa macho, kisha anaandika.

6. Mwombaji akiondoka, mali yake isifutwe

Funzo hili ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilikataa kufungwa na baadhi ya vipengele, kikiwemo cha uhuru wa kwenda na kuishi mahali popote nchini. Kwa miaka mingi wakimbizi walifanya biashara mjini hata hivyo. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na Mei msako ukaanza Lilongwe. Maduka yakafungwa mchana wa kazi. Watu wakapelekwa kwenye kambi iliyofunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza, ikapangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, na ambayo wakati huo ilikwisha kuwa na zaidi ya 50,000.

Sasa fikiria mfumo wa hesabu unaona nini siku kama hiyo. Mteja amenyamaza, halipi ada, simu yake haipatikani. Mifumo mingi imepangwa kumfunga mteja wa namna hiyo: eneo lake la kazi (namespace) linafutwa, ombi lake la volyumu linafutwa nalo, na volyumu zinazotengenezwa zenyewe, kwa mpangilio wa kawaida wa Kubernetes, hufuta diski mara ombi linapoondoka. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila deni la msimu mzima limetoweka, na mwenye duka aliyepoteza bidhaa amepoteza pia ushahidi wa anaowadai.

Aina zote za hifadhi zinazobeba hesabu kwetu zimeandikwa Retain, yaani ombi likiondoka diski inabaki. Volyumu hiyo haijiungi yenyewe na mtu mwingine. Inakaa imeachiliwa, ikiwa bado na jina la aliyekuwa nayo, mpaka msimamizi aliondoe jina hilo kwa mkono na kuikabidhi upya. Kazi hiyo inachosha, na nafasi inaliwa na data za watu walionyamaza. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tusisafishe. Jibu langu ni kwamba kunyamaza kwa mtu aliyehamishwa kwa nguvu si ruhusa ya kumfuta. Kufuta kwetu kunahitaji kauli ya mwenye mali, na kauli hiyo tunaingojea hata ikichelewa.

Angalia mpangilio wako leo. Hifadhi ya ndani inayokuja pamoja na K3s imewekwa kufuta, na tena imefungwa kwa nodi moja.

7. Bekapu ifunguke Dzaleka, bila klasta

Picha ya papo ya mashine pepe si bekapu ikiwa imekaa kwenye diski ileile unayoihofia. Hata nakala za Longhorn si bekapu, kwa sababu mtu akifuta jedwali kimakosa, kosa linanakiliwa kwa uaminifu kila upande.

Kila usiku PostgreSQL inatolewa kama faili ya kawaida kwa pg_dump, moja kwa kila mfanyabiashara, inasimbwa kwa ufunguo, na inapelekwa kwenye mashine ndogo iliyoko Dzaleka. Nilisisitiza faili ya kawaida kwa sababu siku ya shida huenda chumba cha Kawale hakifikiki, na atakayeifungua ana kompyuta ya mkononi tu. Vijana wa kambini, ambako Remy Gakwaya alianzisha TakenoLAB na wengi wakajifunzia programu, wana ujuzi wa kutosha kusimamisha PostgreSQL tupu na kuipakia faili hiyo. Tunafanya hivyo kwa zamu, tukichagua faili bila kupanga, na jaribio linahesabiwa kufaulu pale tu mwenye duka anapolitazama daftari na kusema jumla ni yake.

Ufunguo wa kila faili uko kwa watu wawili. Nakala moja inatunzwa na sisi, na nyingine imechapishwa kwenye karatasi na kupewa mwenye duka, ili tukiondolewa Kawale sisi wenyewe, asihitaji kututafuta.