Mtoto Akitumwa Pombe, Anayeshtakiwa ni Nani?

Mkazi wa Nairobi, jambo hili unalijua. Mtoto wa Kawangware au Kangemi anatumwa dukani kuleta mkate, na chenji inayobaki ni ya chupa ya baba. Mwuzaji anamjua mtoto, na baba anamjua pia. Anaizungushia chupa gazeti, anampa. Hapo kosa limeshatendeka.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inamkataza mtu yeyote kumuuzia au kumpa kileo, akijua, aliye chini ya umri wa miaka 18. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 150,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au zote mbili.

Zingatia maneno "mtu yeyote". Mwenye leseni huenda yuko kwake Lavington. Msichana aliyeajiriwa juzi kukaa kaunta ndiye aliyetoa chupa, naye anaweza kupandishwa kizimbani. Kusema "ametumwa na babake" hakutamwokoa. Kitakachomsaidia ni kuonyesha kwamba aliomba kitambulisho, akaonyeshwa, na akawa na sababu nzuri ya kuamini kuwa ni cha kweli. Mwajiri asiyemfundisha mfanyakazi wake hilo siku ya kwanza anamtuma jela. Sera ya kitaifa ya mwaka 2025 imependekeza umri upandishwe hadi miaka 21, lakini pendekezo si sheria.

Kuuza au kutengeneza kileo bila leseni ni kosa zito zaidi: faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Wapo wanaosema chang'aa iliruhusiwa mwaka 2010. Ni kweli marufuku ya zamani ilifutwa, ila kilichoruhusiwa ni chang'aa ya mwenye leseni, iliyofuata viwango. Mtungi wa nyuma ya nyumba ni haramu kama zamani. Wakazi wa Mukuru hawajasahau Novemba 2000, pombe ya "kumi kumi" yenye methanoli ilipoua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine.

Tangu ugatuzi, leseni za vileo hutolewa na kaunti, na Nairobi ilitunga sheria yake mwaka 2014. Chini ya sheria ya kitaifa, baa haifai kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Baa ya kawaida hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi na sikukuu, na hufungwa saa tano usiku.

Na mlevi mwenyewe? Akipatikana barabarani amelewa chakari au anafanya fujo, faini haizidi shilingi 500, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au zote mbili. Mia tano si nyingi. Miezi mitatu kwa mtu wa kibarua ni mingi sana.

Faini hizi zote hutozwa na mahakama. Askari wa kaunti au polisi anayetaka "faini" mkononi, iwe River Road au Westlands, hana mamlaka hayo. Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa sababu mara moja, na kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zitaisha mahakama ikiwa imefungwa.