Vikinga vya Rafadha: Usalama na Gharama Yake

Tuseme ndege ndogo isiyo na rubani imepelekwa Kilimarondo, wilayani Nachingwea, kupiga picha za mashamba ya mikorosho. Kabla haijaruka, watoto watakuwa wamekwisha kuizunguka. Je, hatari iko wapi?

Hatari imo katika rafadha, yaani mapanga madogo yanayoiinua ndege. Chukua rafadha yenye kipenyo cha sentimeta 24, izungukayo mara 100 kwa sekunde. Katika kila mzunguko ncha yake husafiri sentimeta 75 hivi. Kasi yake basi ni meta 75 kwa sekunde, sawa na kilometa 270 kwa saa. Wepesi wa plastiki usitudanganye: kasi hiyo yatosha kuchana kidole au kupofusha jicho.

Kinga iliyo dhahiri ni ile ya feni ya mezani: kuizungushia rafadha pete au kizimba. Lakini feni hukaa mezani, ilhali ndege hubeba kizimba chake angani. Ndege ya gramu 1,400 ikifungwa vikinga vya gramu 100, uzito huongezeka kwa asilimia 7. Nguvu ya kuelea hukua kwa haraka kuliko uzito, nayo huongezeka kwa asilimia 11 hivi. Betri iliyodumu dakika 25 sasa itadumu dakika 22 na nusu. Aidha, vikinga hushika upepo wa ubavuni, na ndege hutumia nguvu zaidi kujizuia isisukumwe.

Pete inayoikaribia sana ncha ya rafadha yaweza kuongeza nguvu ya kuinua, kwani huzuia hewa kuvuja kutoka chini kwenda juu. Hata hivyo, sharti iwe ngumu isiyopindika, na ugumu huo huleta uzito.

Iko pia njia nyingine. Ndege zenye mabawa zilizotumika kupima ramani ya Zanzibar kuanzia mwaka 2016 zina rafadha nyuma, iliyoshikizwa kwa mpira ili iachie igongapo kitu.

Hapana budi, basi, kupima kazi na mahali. Karibu na watu au matawi, vikinga vifungwe na dakika zipotee. Juu ya shamba tupu vyaweza kuondolewa, mradi watu wakae mbali wakati wa kuruka na kutua. Kikinga huzuia kidole. Hakizuii ndege kuangukia kichwa.