Hisa ikiitwa ya bei nafuu, fungua daftari la miaka 10

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayetaka kununua duka la nguo la mwenzake hawezi kukubali kuonyeshwa daftari la mauzo ya wiki mbili za kuelekea Idd peke yake. Atauliza: Februari ulipata nini? Mwaka juzi je? Na ule mwaka barabara ilipofungwa kwa ujenzi? Akishapata majibu ndipo atakapotaja bei yake, na kwa kawaida huwa chini ya ile aliyotajiwa.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akiingia katika ofisi ya dalali wa hisa na akiba yake ya shilingi milioni nne na ushee, huuliza swali moja tu: mwaka jana kampuni ilipata faida gani? Anajibiwa, anagawa kwa kikokotoo, anaandika hundi.

Somo la wiki hii ni juu ya kumrudisha mfanyabiashara huyo kwenye akili yake ya Kariakoo. Kipo kipimo kinachotumia faida ya miaka 10, iliyorekebishwa kwa mfumuko wa bei, badala ya faida ya mwaka mmoja. Hesabu yake si ngumu. Kinachotakiwa ni subira ya kutafuta takwimu.

MTEGO WA MWAKA MMOJA

Kipimo kinachotajwa zaidi na madalali ni uwiano wa bei na faida, yaani bei ya hisa moja sokoni ikigawanywa kwa faida iliyopatikana kwa hisa hiyo moja katika mwaka uliopita. Hisa inayouzwa sh. 840 na iliyopata faida ya sh. 120 ina uwiano wa 7. Mnunuzi analipa sh. 7 ili apate haki ya shilingi moja ya faida kwa mwaka. Kwa lugha ya dukani, kama faida haitabadilika, kampuni itakuwa imezalisha fedha zake zote kwa miaka saba.

Tatizo lote limejificha katika maneno hayo, "kama faida haitabadilika". Faida hubadilika. Saruji huuzika sana miaka ya ujenzi na hudoda miaka ya ukata. Viwanda vya sukari, hoteli, wasafirishaji wa mizigo, wote wana miaka yao ya neema na miaka yao ya kufunga mkaja. Na bei ya hisa huonekana ya chini kabisa kwa kipimo hiki pale faida inapokuwa kileleni, muda mfupi kabla haijaanza kuteremka.

Mwandishi wa safu hii naye alinasa. Hisa zake za kwanza, alizonunua kwa mishahara michache baada ya kumaliza chuo, zilikuwa na uwiano wa 5. Mwaka uliofuata faida ilishuka hadi robo, na uwiano ukaruka hadi 20 bila bei kupanda hata shilingi moja. Baadaye bei nayo ikaifuata faida. Kampuni hatuitaji. Kosa lilikuwa la mnunuzi.

HESABU YENYEWE

Tuchukue kampuni ya kubuni ya saruji ambayo hisa yake inauzwa hiyo hiyo sh. 840. Tuseme mfumuko wa bei umekuwa asilimia 5 kila mwaka kwa kipindi chote. Tarakimu ya kwanza ni faida kwa hisa moja kama ilivyoandikwa kwenye vitabu vya mwaka ule, na ya pili ni faida hiyo hiyo ikielezwa kwa shilingi ya leo.

Mwaka wa 1: sh. 40, leo sh. 62
Mwaka wa 2: sh. 52, leo sh. 77
Mwaka wa 3: sh. 61, leo sh. 86
Mwaka wa 4: sh. 48, leo sh. 64
Mwaka wa 5: sh. 30, leo sh. 38
Mwaka wa 6: hasara sh. 12, leo hasara sh. 15
Mwaka wa 7: sh. 35, leo sh. 41
Mwaka wa 8: sh. 70, leo sh. 77
Mwaka wa 9: sh. 95, leo sh. 100
Mwaka wa 10: sh. 120, leo sh. 120

Jumla ya safu ya pili, hasara ikiwa imeondolewa, ni sh. 650. Gawa kwa 10, wastani ni sh. 65. Sasa gawa bei ya sh. 840 kwa 65, unapata karibu 13. Hisa iliyotajwa kuwa ya 7 ni ya 13.

Mwenye kununua hisa 5,000 anatoa sh. 4,200,000. Kwa kuangalia mwaka jana anaamini amenunua biashara inayompatia faida ya sh. 600,000 kwa mwaka. Kwa wastani wa miaka 10 biashara hiyo humpatia sh. 325,000. Ikitokea faida ikarudi kwenye wastani wake, na soko likaendelea kulipa mara 7 tu, hisa itauzwa sh. 455 na mtaji wake utabaki sh. 2,275,000. Karibu milioni mbili zitakuwa zimeyeyuka, na hakuna aliyemwibia.

KWA NINI MFUMUKO WA BEI

Wapo wanaochukua faida za miaka 10 kama zilivyo, wanajumlisha na kugawa. Kwa kampuni yetu wangepata wastani wa sh. 53.90 na uwiano wa karibu 16, na hisa ingeonekana ghali kuliko ilivyo. Sh. 40 za mwaka wa kwanza zilinunua vitu ambavyo leo vinahitaji sh. 62. Kuzijumlisha na sh. 120 za leo bila kuzirekebisha ni sawa na kujumlisha debe na kilo.

Kwa mfumuko wa asilimia 5 tofauti si kubwa sana. Lakini wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba katikati ya miaka ya 1990 mfumuko wa bei hapa Tanzania ulipita asilimia 30 kwa mwaka, na Kenya mwaka 1993 ulifika takriban asilimia 46. Kwa mwendo wa asilimia 30, kitu cha sh. 100 hufikia zaidi ya sh. 1,000 katika miaka 9. Katika hali hiyo wastani usiorekebishwa hauna maana yoyote.

Marekebisho hufanywa kwa fahirisi za bei ambazo Ofisi ya Taifa ya Takwimu huzitoa kila mwezi. Zidisha faida ya mwaka husika kwa fahirisi ya sasa, kisha gawa kwa fahirisi ya mwaka ule. Angalia jambo moja: mwaka wa msingi wa fahirisi hubadilishwa kila baada ya muda, hivyo usichanganye tarakimu za msingi mmoja na za mwingine kabla ya kuziunganisha.

SABA MBILI

Turudi kwenye mwaka wa 6, ule wa hasara. Uwiano wa kawaida haukuwepo kabisa, kwa sababu huwezi kugawa bei kwa hasara ukapata jibu lenye maana. Magazeti yangeandika habari mbaya, na wanahisa wangekuwa wanatafuta mlango wa kutokea. Tuseme bei ilikuwa imeanguka hadi sh. 300. Ukichukua miaka sita iliyokuwepo na kuirekebisha kwa shilingi ya mwaka ule, wastani unakuwa karibu sh. 43, na uwiano ni 7.

Kwa hiyo hisa hii imewahi kuwa na saba mbili. Saba ya mwaka wa 10 ilitokana na faida kubwa isiyo ya kawaida. Saba ya mwaka wa 6 ilitokana na bei ndogo isiyo ya kawaida. Aliyenunua katika ya pili alilipa sh. 300 kwa kitu kile kile ambacho miaka minne baadaye wengine wanakigombea kwa sh. 840, huku wakiambiwa kwamba ni cha bei ya kutupa.

KIPIMO KILIKOTOKA

Wazo hili si geni. Benjamin Graham na David Dodd, waliokuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliliandika katika kitabu chao cha mwaka 1934, wakati vidonda vya anguko la Wall Street la 1929 vilikuwa bado vibichi. Walishauri faida ipimwe kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano, na ikiwezekana saba au kumi. Mwaka 1988 wachumi John Campbell na Robert Shiller walitumia wastani wa muda mrefu uliorekebishwa kwa mfumuko wa bei kulipima soko zima la Marekani, na tangu hapo kipimo kimefungamana na jina la Shiller, ambaye mwaka 2013 alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kwa takwimu zinazoanzia 1881, wastani wa uwiano huo Marekani ni kama 17. Septemba 1929 ulikuwa karibu 33. Desemba 1999, wakati wa homa ya kampuni za intaneti, ulifika 44. Lakini somo zuri zaidi ni la mwaka 2009. Benki zilikuwa zimepata hasara kubwa mno, na faida ya kampuni 500 za fahirisi ya S&P ikawa karibu imetoweka. Uwiano wa kawaida ukapita 100, na aliyeuamini angekimbia soko. Uwiano wa miaka 10, Machi mwaka huo, ulikuwa takriban 13, wa chini kuliko ilivyokuwa kwa zaidi ya miaka 20. Fahirisi iliyofunga pointi 676 tarehe 9 Machi 2009 ilikuwa imevuka 1,800 kufikia mwisho wa 2013.

PALE KINAPODANGANYA

Asije msomaji akadhani tumempa hirizi. Tarehe 3 Desemba 1996, Campbell na Shiller waliwaeleza wakuu wa Benki Kuu ya Marekani kwamba bei za hisa zilikuwa juu mno. Siku mbili baadaye mwenyekiti wa benki hiyo, Alan Greenspan, akauliza hadharani ni vipi mtu atajua kuwa msisimko usio na mantiki umepandisha bei kupita kiasi. S&P 500 siku hiyo ilifunga pointi 744. Je, iliteremka? Iliendelea kupanda hadi ikapita 1,500 Machi 2000. Aliyeuza mwaka 1996 alichekwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Kweli, Machi 2009 fahirisi ilikuwa chini ya pale alipouzia, lakini ni wangapi wanaoweza kusubiri miaka 12 kuonekana wenye busara? Kipimo hiki hakisemi lolote juu ya wiki ijayo. Mlanguzi wa siku mbili tatu akiweke kando.

Isitoshe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 uwiano wa Marekani umekaa juu ya wastani wake wa zamani karibu muda wote, isipokuwa miezi michache ya 2008 na 2009. Wakosoaji, akiwemo Profesa Jeremy Siegel, wanasema kanuni za uhasibu zimebadilika, na hasara za kwenye vitabu huandikwa kubwa kuliko zamani. Hoja yao ina uzito.

Kwa kampuni moja moja hatari ni kubwa zaidi. Soko zima haliwezi kufa, lakini kampuni hufa. Kampuni ambayo bidhaa yake haitakiwi tena huonekana nafuu kwa sababu wastani bado unabeba faida za enzi zake. Kinyume chake, kampuni inayokua kwa kasi huonewa. Faida za NMB na CRDB za mwaka 2023 zilikuwa mara kadhaa ya zile za 2018, na anayezipima benki hizo kwa wastani wa miaka 10 peke yake ataziita ghali hata pale ambapo si ghali. Kwa maoni yetu kipimo kinafaa zaidi kwa kampuni kongwe zenye kupanda na kushuka, kama za saruji, kuliko kwa zile ambazo bado zinatanuka.

KUKITUMIA HAPA KWETU

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza shughuli Aprili 1998 kwa hisa za TOL, zikafuatiwa mwaka huo huo na za TBL. NMB iliingia 2008 na CRDB 2009. Zipo basi kampuni ambazo vitabu vyake vya miaka 10 na zaidi vinapatikana. Ripoti ya mwaka mara nyingi huwa na jedwali la miaka mitano, hivyo ripoti mbili zilizopishana miaka mitano zinatosha kukupa kumi.

Kabla ya kujumlisha, hakikisha idadi ya hisa ni ile ile. Kampuni ikigawa hisa moja kuwa tano, faida ya zamani nayo igawe kwa tano. Ikiwa imeuza hisa mpya kwa wanahisa wake, kama CRDB ilivyofanya 2015, tumia tarakimu zilizorekebishwa katika ripoti za baadaye. Soma pia maelezo ya hesabu: sh. 120 za mwaka huu zikiwa na sh. 40 za kuuza kiwanja, hizo 40 ziondoe, kwa kuwa kiwanja hakiuzwi mara mbili. Na kwa kuwa kwetu hisa nyingine hukaa wiki kadhaa bila kuuzwa, mwulize dalali bei ya mauzo ya mwisho ni ya lini.

Ukishapata wastani, ugawe kwa bei. Kwa kampuni yetu, 65 kwa 840 ni asilimia 7.7, na hiyo ni baada ya mfumuko wa bei. Hati fungani ya Serikali inayolipa asilimia 12 wakati mfumuko ni asilimia 5 inakuachia kama asilimia 7, bila mashaka ya mwaka wa 6. Mnunuzi wa sh. 840 anaongezewa chini ya asilimia moja kwa kubeba hatari yote ya saruji. Sisi tungesubiri bei ishuke.

Wiki ijayo tutaendelea na kampuni hiyo hiyo kwa upande wa gawio: kati ya zile sh. 65, ni kiasi gani kilimfikia mwanahisa mfukoni.