SOMO LA 12: KUUZA GARI AMBALO MATENGENEZO YAKE HAYAJAISHA



Mjini Babati, barabara ya Arusha kwenda Dodoma, kuna magereji. Nyuma ya gereji huenda ukaona gari la zamani chini ya turubai. Mwenyewe alianza kulitengeneza, fedha zikaisha.

Tuseme gari hilo ni lako. Ni Volkswagen Kombi, gari la Kijerumani lililoanza kuundwa mwaka 1950. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa upepo. Haina rejeta. Si kila fundi anaijua. Bodi umekwisha kuinyoosha, lakini injini imefunguliwa na imo ndani ya karai. Sasa mtoto anahitaji fedha za shule. Utauza kwa bei gani?

Watu wengi hujumlisha walichotumia:

Kununua gari: Sh. 1,500,000
Kunyoosha bodi: Sh. 1,400,000
Spea: Sh. 600,000
Jumla: Sh. 3,500,000

Hesabu hii ni sahihi, lakini si bei. Mnunuzi ana hesabu yake. Tuseme gari kama hilo likiwa zima huuzwa Sh. 4,000,000. Fundi anasema kulimalizia kutagharimu Sh. 1,800,000. Toa. Zinabaki Sh. 2,200,000. Mazungumzo yataanzia hapo, na mnunuzi atataka upunguze tena, maana injini iliyofunguliwa huweza kudai zaidi ya alivyosema fundi.

Utapata hasara, na inauma. Lakini likinyeshewa masika mengine, kutu italiharibu zaidi.

Usiuze kabureta leo na mlango kesho. Kitakachobaki ni chuma chakavu cha kupimwa kwa kilo. Panga spea zote chini, zihesabu, uziandike. Andika pia kilichotengenezwa na ambacho bado. Kama breki hazifanyi kazi, andika hivyo. Mtu atapanda gari hilo na watoto wake.

Kisha chukua kadi ya gari. Soma namba ya chasisi kwenye kadi, halafu uisome kwenye gari lenyewe. Usimwachie dalali kazi hii. Wewe unajua kusoma. Namba zikitofautiana, usiuze kwanza. Kama kadi ina jina la mwenye gari wa zamani, mtafute huyo mapema.

Andikeni mkataba mbele ya wakili: majina, namba za gari, bei, tarehe na sahihi. Fedha zikikamilika, nendeni pamoja Mamlaka ya Mapato (TRA) mkabadili jina la mwenye gari. Wauzaji wengi hutoa kadi tu, wakarudi nyumbani. Gari hilo likigonga mtu huko Singida, polisi watatafuta jina lililoandikwa. Nalo ni lako.

MASWALI
1. Kwa nini mnunuzi hakubali Sh. 3,500,000?
2. Pikipiki nzima huuzwa Sh. 1,200,000. Matengenezo yaliyobaki ni Sh. 450,000. Mazungumzo ya bei yataanzia wapi?
3. Andika mkataba mfupi wa kuuza baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Msomee mwenzako.