Je, Chaneli ya WhatsApp Yatosha Kuwa Darsa?

Tumeletewa suala na ndugu zetu wa Nanyuki, na wenzao wa Karatina na Murang'a wakaliunga mkono, nalo ni hili:

"Darsa yasomeshwa Nyeri baina ya Maghribi na Isha. Sisi tulio mbali hatuwezi kuifikia, kwani kutoka Nanyuki hadi Nyeri ni kiasi cha kilomita 60, na kurudi usiku katika baridi ni taabu. Sasa katika WhatsApp kumezuka jambo liitwalo chaneli. Je, yafaa darsa ihamie huko, kila mmoja asome nyumbani kwake, na lile grupu letu la zamani livunjwe? Na mwenye kusoma huko, atakuwa amesoma?"

Suala hili lina mambo mawili, na waulizaji wameyafunga pamoja kwa kamba moja. La kwanza ni kutumia chombo. La pili ni kukifanya chombo kuwa mwalimu. La kwanza ni jepesi, nasi tutalipita upesi; la pili ndilo lenye uzito.

Chombo, kwa asili yake, ni halali mpaka ijulikane haramu iliyomo. Waislamu wamekwisha kupata hasara kwa kuchelewa katika mambo ya namna hii. Katika dola ya Kituruki, ruhusa ya kupiga chapa vitabu vya Kituruki kwa herufi za Kiarabu haikutolewa ila mwaka 1727, na Ibrahim Müteferrika, aliyepewa ruhusa hiyo, hakuachiwa kuchapa vitabu vya dini. Leo nani katika sisi asiyesoma msahafu uliopigwa chapa? Kwa hiyo asemaye kwamba simu yote ni fitina, na kwamba dawa ni kuitupa, hatukubaliani naye. Na aghlabu yeye mwenyewe husema hayo kwa ujumbe wa sauti.

Tuingie katika lile la pili, na kwanza tuifahamu hiyo chaneli ni kitu gani. WhatsApp, ambayo ni mali ya kampuni ya Meta, ilianza kuzifungua chaneli mwezi wa Juni 2023 katika nchi za Colombia na Singapore. Mwezi wa Julai ikazileta katika nchi nyingine chache, na Kenya ilikuwa miongoni mwao, kabla ya kuzieneza duniani mwezi wa Septemba. Tafauti yake na grupu ni hii: katika grupu kila mtu husema na kila mtu husikia, na nambari ya simu ya kila mmoja huonekana na wenzake. Katika chaneli mwenye nayo ndiye asemaye, na wengine humfuata tu. Wafuatao hawaoni nambari za wenzao, wala mwenye chaneli hazioni zao. Ilipofunguliwa, mfuasi hakuwa na njia ya kuandika jawabu. Aliloweza wakati huo ni kuweka kijisura cha kucheka au cha moyo. Na kwa maelezo ya wenyewe wakati huo, khabari zilizotiwa humo hukaa siku 30 katika mitambo yao, kisha huondoka. Na hata yakiongezwa mambo mengine baadaye, asili yake ni hiyo: mmoja husema na wengi husikiliza.

Insafu yatutaka tuseme wema wake kabla ya ila yake. Katika grupu yetu dada zetu wamekuwa wakijitoa mmoja mmoja, na sababu twaijua: nambari zao huonekana na watu wasiowajua, kisha hupigiwa simu usiku na mtu asemaye kwamba amekosea nambari. Chaneli yafunga mlango huo. Kadhalika yaepusha ule mchanganyiko wa grupu, ambapo aya yafuatwa na tangazo la viazi vya Kinangop, na tangazo lafuatwa na ugomvi wa siasa, hata mwenye kutafuta somo la jana asilione. Faida hizi mbili si ndogo, na kwa ajili yake peke yake chaneli yastahili kuangaliwa kwa makini.

Lakini ilimu haipatikani kwa kusikia tu. Jibrili, amani zimshukie, alipotumwa kuwafundisha watu dini yao, hakuja akahutubu akaenda zake. Alikuja katika sura ya mtu, akakaa mbele ya Mtume (S.A.W.) magoti kwa magoti, akauliza juu ya Uislamu, na imani, na ihsani, na Kiyama, na masahaba wakajifunza kwa suala na jawabu. Angeweza kuwasomea orodha. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kwa Jabir, imesimuliwa kwamba mtu mmoja alipigwa jiwe kichwani safarini, kisha akapata janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia kwamba hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika juu yao, akawalaumu kwa kutouliza jambo wasilolijua, akabainisha kwamba ponyo ya ujinga ni kuuliza. Wanazuoni wamezungumza juu ya baadhi ya lafdhi za hadithi hii, walakini funzo lake halina mpinzani: mtu alikufa kwa jawabu la haraka.

Nasi tulioko mlimani, mas-ala haya ya maji na baridi si hadithi ya mbali. Kijana atoka Lamu au Mombasa, ambako maji ya bomba huwa vuguvugu hata usiku, aja Nyeri kusoma chuo kikuu au kushika kazi. Aingia mwezi wa Julai, jua halionekani siku nzima, na maji ya alfajiri yauma mifupa. Asubuhi moja aamka na janaba. Afungua simu, na katika chaneli akuta maneno mafupi: "Inajuzu kutayamamu kwa sababu ya baridi." Avuta taulo lake, apiga mchanga, asali, aenda zake darasani.

Je, maneno yale ni ya uwongo? La, yana asili. Amr bin al-As (R.A.) katika vita vya Dhatu-s-Salasil, mwaka wa 8 wa Hijra, alipata janaba usiku wa baridi kali, akachelea nafsi yake, akatayamamu akawasalisha wenzake, na Mtume (S.A.W.) alipoambiwa, na Amr akatoa hoja yake, alicheka na hakumkemea. Lakini lau kijana huyu angekaa mbele ya mwalimu, mwalimu asingejibu mpaka amuulize yeye: Je, una jiko au birika la kupasha maji? Je, jirani yako analo? Je, wakati wa sala umebaki kiasi gani? Je, ulichelea maradhi, au ulichelea kutetemeka tu? Kwani mwenye njia ya kupasha maji hana ruhusa hiyo, na kuona taabu si sawa na kuchelea madhara. Na kisha lingekuja suala jingine: sala ile yalipwa au hailipwi? Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wetu wa pwani, Imamu Nawawi katika Minhaj ameitilia nguvu kauli ya kwamba mwenye kutayamamu kwa baridi huilipa sala yake. Wengine wameshika hadithi ya Amr, wakasema halipi, kwani haikupokewa kwamba aliamrishwa kulipa. Haya yote yamejificha chini ya maneno sita ya chaneli, na kijana hana pa kuyaulizia. Aliloweza ni kuweka moyo mwekundu, akaweka.

Hapa ndipo penye tofauti. Ile fatwa ilikuwa ya watu wote, naye ana hali yake peke yake. Mwalimu akisema na watu wengi asiowaona, hawezi kujua nani ana birika na nani hana.

Huenda mtu akasema: mbona nanyi mwaandika katika karatasi, na karatasi haisemi na msomaji? Hoja hii ni nzuri, na jawabu lake liko katika khabari za waliotutangulia. Sayyid Rashid Rida alipoanzisha Al-Manar huko Cairo mwaka 1898, alianza kama waanzavyo wenye magazeti wote: yeye huandika na watu husoma. Lakini lililoifanya Al-Manar kuwa madrasa ya ulimwengu ni kule kufungua mlango wa masuala. Watu wa nchi za mbali wakiandika barua, naye akiwajibu, na suala likichapwa pamoja na jawabu lake, hata msomaji akijua jambo lile limesemwa kwa ajili ya hali gani. Na karibu zaidi nasi, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alianzisha Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, na makala za Sahifa zikaja kukusanywa katika kitabu cha Uwongozi mwaka 1944. Mwenye kuandika hakuwa mtu asiyejulikana: ni mtu wa mji, mwana wa chuoni, mwenye baraza na wanafunzi, kisha akawa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Aliyesoma neno lake asilifahamu, aliweza kumwendea. Gazeti lilikuwa mkono wa darsa. Halikuwa badala yake.

Kisha lipo jambo la khabari, khasa khabari za mwezi mwandamo. Miji yetu hii hufunikwa na mawingu, na mara nyingi usiku wa kuamkia tarehe 30 hatuna ila kungojea neno kutoka pwani au kaskazini. Saa ile ndiyo simu hupiga kelele. Mmoja aleta picha ya hilali, hakuna ajuaye ilipigwa mwaka gani. Mwingine aleta tangazo lenye muhuri. WhatsApp wenyewe waliona hatari ya kupelekana habari namna hii, na mwezi wa Aprili 2020 wakaweka mpaka: ujumbe uliokwisha kupelekwa mbele mara nyingi usipelekwe ila kwa mahali pamoja kwa mara moja. Mpaka huo ni mwema, lakini sheria yetu ilikuwa na mpaka wake kabla ya simu. Sayyidna Umar (R.A.) alipoambiwa na Abu Musa (R.A.) hadithi ya kubisha hodi mara tatu, na Abu Musa ni sahaba mwaminifu, alimtaka alete mwingine aliyeisikia, akaja Abu Said al-Khudri akashuhudia. Ikiwa hayo yamefanyika kwa Abu Musa, seuze kwa mtu aitwaye "Admini"? Katika hili, chaneli ya ofisi yenyewe, ikithibitika kuwa ni yake, ni bora kuliko grupu, kwani neno lina mwenyewe na watu wote hulisoma mahali pamoja bila ya kupitia midomo kumi. Tunaikubali kwa kazi hiyo.

Na asidhani mtu kwamba mahali hapa ni pa bure. Ujumbe wa watu wawili katika WhatsApp hufungwa kwa siri baina ya apelekaye na apokeaye. Mambo ya chaneli hayafungwi hivyo, ni ya wazi. Na mwezi wa Juni 2025 kampuni ilitangaza kwamba itatia matangazo ya biashara katika sehemu ile ile zilipo chaneli, na kwamba wenye chaneli wataweza kulipa ili waonyeshwe kwa watu wengi zaidi. Fikiri matokeo yake: mwalimu mjuzi asiye na fedha atakuwa chini, na mwenye maneno matamu na mfuko mzito atakuwa juu, na msomaji atadhani aliye juu ndiye mwenye ilimu. Zamani tukimjua mtu kwa mwalimu wake, tukiuliza, "Amesoma kwa nani?" Sasa twauliza ana wafuasi wangapi.

Basi jawabu letu kwa ndugu zetu ni hili. Chaneli na ifunguliwe, iwe ni ubao wa msikiti: nyakati za sala za Nyeri, Nanyuki na Murang'a, tangazo la maziko, siku ya darsa, na kurasa za kitabu zitakazosomwa, ili mtu azisome kabla ya kuja. Fatwa isitiwe humo hata moja bila ya suala lake na jina la aliyejibu na kitabu alichokitegemea. Na kwa kuwa khabari zake huenda zikaondoka, kila somo liandikwe katika daftari la darsa kama kawaida. Grupu lisivunjwe. Ligawanywe mawili, la wanaume na la wanawake, na lile la wanawake lisimamiwe na mwalimu wa kike, naye akusanye masuala yao na kuyaleta bila ya kutaja nambari ya mtu.

Ama kuhama kabisa, hatukuafiki. Nanyuki wamo waliosoma vyuoni pwani, wawezao kufungua kitabu na kusomesha milango ya mwanzo. Na waketi Majengo kila usiku wa Jumapili, hata wakiwa watatu, wasome kurasa zile zile zisomwazo Nyeri. Na litakalowatatiza walilete kwa simu ya kuzungumza, si ya kuandika, baada ya Isha, mwalimu atakuwa akingoja. Na mara moja kwa mwezi mwalimu atapanda kwao, inshallah. Nauli tumekwisha kuikusanya ya miezi mitatu.

Darsa ya juma lijalo ni mlango wa tayamamu, tangu sharti zake mpaka hukumu ya kulipa. Mwenye suala la baridi na aje nalo, aeleze na hali ya maji ya nyumbani kwake.