Majimaji ya Ukeni Nyakati za Hedhi: Kabla Hujanunua Dawa

Mara nyingi mtumiaji hufika katika duka la dawa akiwa na aibu, hunong'ona kwamba "anatoa uchafu", kisha huondoka na dawa asiyojua inatibu nini. Neno hilo lenyewe linapotosha. Majimaji ya ukeni ni njia ya mwili kujisafisha, nayo hubadilika kadiri mzunguko wa hedhi unavyosonga.

Takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yai linapopevuka, ute huwa mwingi, mwangavu na wa kuvutika kama ute wa yai bichi. Baadaye huwa mzito na mweupe. Hedhi inapokaribia kuanza au kwisha, huweza kuwa wa kahawia. Hiyo ni damu iliyokawia kutoka, ikabadilika rangi. Pasipo harufu mbaya, muwasho wala maumivu, hapahitajiki dawa.

Mabadiliko mengine ni ya kuchunguzwa, na wakati mwingine hedhi yenyewe huyachochea. Kwa kawaida uke una uasidi wa pH 3.8 hadi 4.5, unaozuia vijidudu. Damu ya hedhi huupunguza. Ndiyo maana baadhi ya wanawake, hedhi ikimalizika, huona majimaji mepesi ya kijivu yenye harufu ya samaki, dalili kwamba bakteria wa kawaida wa uke wamevurugika. Fangasi, kwa upande wao, mara nyingi huanza siku chache kabla ya hedhi: muwasho mkali, na ute mweupe wenye mabonge kama maziwa ya mgando. Majimaji ya kijani au njano yenye povu huweza kuwa ya trikomona, ugonjwa wa zinaa, na hapo mwenzi naye hana budi kutibiwa hata kama haoni dalili.

Dukani, tofauti hizi zina uzito. Klotrimazoli hutibu fangasi. Metronidazoli hutibu trikomona na haiwagusi fangasi. Tena antibiotiki iliyotumiwa pasipo sababu huweza kuua bakteria walinzi na kuleta fangasi ambao hawakuwapo. Kwa hiyo tunakusihi uombe kipimo kwanza, katika zahanati au kituo cha afya. Sabuni zenye manukato na dawa za kuoshea ndani ya uke hatuzipendekezi hata kidogo, licha ya ahadi zilizochapwa kwenye chupa zake.

Tamponi ibadilishwe kabla ya kupita muda wa saa 8; iliyosahaulika ndani hutoa harufu kali. Ukiwa na homa, maumivu chini ya kitovu, ujauzito, au damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, usianzie dukani; nenda kituo cha afya bila kukawia.

Ukiandikiwa dawa, soma jina lake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti. Mwulize mfamasia pia iwapo dawa ya kuweka ukeni uliyopewa ina mafuta, kwa kuwa mafuta hayo hudhoofisha kondomu za mpira.