Theluji ya Novemba kwa watu wa Fizi na Baraka: maswali na majibu

Watu wa Fizi na Baraka, kule Kongo, tumetawanyika mbali. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, na watoto waliokulia humo leo ni watu wazima wenye kazi zao Boise, Denver, Salt Lake City na Oslo. Wanaamka kila asubuhi wakitazamana na milima yenye theluji, na wengi wao hawajawahi kuipanda kwa sababu wamesadiki kwamba skii ni mchezo wa matajiri. Mimi ni mzaliwa wa Baraka, na mwisho wa juma huwafundisha wanaoanza skii katika mlima mmoja wa Colorado. Ikifika Septemba, simu haitulii. Nimechagua maswali ninayoulizwa zaidi, hasa na wale wanaotaka kwenda peke yao na pesa yao ni ya kuhesabu.

Mwalimu, mimi ni kijana wa Mboko, naishi Denver. Nikienda Novemba, msimu unapoanza tu, nitapata nafuu?

Nafuu ipo, mdogo wangu, lakini ujue kwanza unanunua nini. Milima ya Loveland, Arapahoe Basin na Keystone hushindania kufungua mapema, mara nyingi Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Theluji ya wakati huo nyingi ni ya mashine. Usiku joto likishuka chini ya sifuri na hewa ikiwa kavu, mashine hurusha matone madogo sana ya maji, nayo huganda kabla hayajagusa ardhi. Hewa ya Colorado ni kavu mno, ndiyo maana kazi hiyo huwezekana kule mapema kuliko sehemu nyingine nyingi. Kinachopatikana ni njia moja au mbili nyeupe zilizoteremka mlimani kama utepe, huku pembeni nyasi na mawe vikionekana bado. Watu wote wanabanana hapo hapo.

Aliyezoea skii hukereka. Wewe unayeanza hupotezi kikubwa, kwa sababu hata mlima mzima ungekuwa wazi, siku yako ya kwanza ungeimalizia kwenye mteremko mmoja mfupi. Basi usilipe bei ya mlima mzima. Ulizia kifurushi cha wanaoanza, chenye somo, vifaa na lifti ya chini kwa pamoja. Ila hakikisha jambo moja kabla hujatoa hata senti: je, eneo la wanaoanza limeshafunguliwa? Mara nyingine hufunguliwa wiki kadhaa baada ya sehemu ya juu, na ukifika mapema utakuta utepe ule ule wenye mteremko mkali, usiomfaa mgeni.

Kama siku zako za mapumziko zinasogezeka, mimi ningechagua wiki mbili za kwanza za Desemba. Sikukuu ya Shukrani imepita, Noeli haijafika, theluji imeongezeka, na vyumba bado havijapanda bei.

Pesa huishia wapi hasa?

Dirishani. Ukifika mlima mkubwa siku ya sikukuu na kununua tiketi papo hapo, siku moja inaweza kukugharimu zaidi ya dola 300. Siku hiyo hiyo, aliyenunua pasi mapema amelipa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Pasi za Epic na Ikon, zinazotumika kwenye milima mingi, hupanda bei kadiri msimu unavyokaribia, kisha Desemba huacha kuuzwa. Wengi wetu hatujui kuwa Epic wanauza pia pasi za siku chache, hata siku moja, mradi ununue kabla msimu haujashika. Kwa mtu wa peke yake anayetaka siku mbili, hiyo inatosha kabisa. Usijifunge na pasi ya msimu mzima kwa sababu tu rafiki kazini anayo.

Ndugu wa Boise wana bahati ambayo wengi wao hawaitumii. Bogus Basin uko juu ya mji wao, na ni mlima usioendeshwa kwa faida. Mwaka 1998 mlima huo ulishusha pasi ya msimu hadi dola 199, watu wakajaa, na milima mingine ikalazimika kufikiri upya kuhusu bei zake. Una taa za usiku pia, kwa hiyo anayetoka kazini mchana anaweza kupanda jioni.

Tena kuna jambo linalotupendelea sisi. Wengi wetu tunafanya shifti viwandani na kwenye maghala, na siku ya kupumzika huangukia Jumanne au Jumatano. Tunalalamika kwamba tunakosa mwisho wa juma, lakini mlimani hiyo ndiyo siku yenye foleni fupi, na mara nyingi ndiyo yenye bei ya chini.

Sina gari. Nitalala wapi, nitafikaje?

Usilale mlimani. Chumba cha mlimani ndicho kinachomfilisi msafiri wa peke yake, kwa maana hana wa kugawana naye. Ukiwa Denver, panda basi la Bustang hadi Frisco. Ukishuka hapo, mabasi ya Summit Stage hayatozi nauli na yanafika Keystone na Breckenridge. Linganisha saa za kwenda na za kurudi kabla hujanunua tiketi ya lifti. Salt Lake City, mabasi ya UTA hupanda hadi Alta, Snowbird, Brighton na Solitude msimu ukishaanza, kwa hiyo unaweza kulala mjini. Mwenye gari akumbuke kuwa barabara ya I-70 ya Colorado ina sheria ya matairi ya baridi tangu Septemba hadi Mei.

Chakula beba chako. Chapati, mayai ya kuchemsha, chai ya tangawizi kwenye chupa. Milima mingi ina ukumbi ambamo unaruhusiwa kukaa na kula ulichobeba.

Nivae nini bila kununua duka zima?

Nunua viwili: glavu nzuri zisizopitisha maji, na jozi moja ya soksi ndefu za sufu. Koti na suruali ya theluji tafuta mitumba au azima kwa jirani. Jinzi iache nyumbani. Pamba ikilowa haikauki, na baada ya kuanguka mara tano miguu yako itakuwa ndani ya kitambaa cha barafu.

Kuhusu viatu nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wetu wanapoteseka. Mtu akiogopa baridi huvaa jozi mbili au tatu za soksi. Kiatu kinambana, damu haipiti, na vidole vinakufa ganzi upesi kuliko vya aliyevaa moja. Kiatu cha skii kikikaa sawa, ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo; ukikunja magoti, vinarudi nyuma na muundi wa mguu unaegemea ulimi wa kiatu. Kisigino kisinyanyuke. Kabla ya kukanyaga skii, gonga theluji yote iliyoganda chini ya soli, tanguliza ncha ya kiatu, halafu shindilia kisigino mpaka usikie mlio. Usiposikia mlio huo, usiondoke.

Mimi ni mama, nilizaliwa Fizi. Binti yangu ana miaka ishirini na anataka kwenda peke yake. Nimkubalie?

Mama, hofu yako naielewa. Kwetu mtu haendi matembezi peke yake. Lakini mlimani hatakuwa peke yake muda mrefu akijiandikisha katika somo la kikundi. Atatumia saa kadhaa na watu wanaoanguka pamoja naye, na wengi hupatana hapo hapo. Hata lifti nyingi zina mstari wa waliokuja wenyewe, ambao huenda haraka kuliko ule wa familia.

Ninayomwomba ni haya. Asivuke kamba hata moja. Mwanzoni mwa msimu, nyuma ya kamba kuna mawe na magogo yaliyofunikwa na theluji nyembamba. Avae kofia ngumu. Akuandikie saa atakayoteremka. Anywe maji mengi, kwa kuwa chini ya Arapahoe Basin ni kiasi cha mita 3,280, wakati ziwa letu la Baraka liko kama mita 770. Kichwa kikimuuma na kichefuchefu kikianza, ashuke bila aibu. Na aulize bima yake ya afya inalipia nini. Kwa kawaida waokoaji wa mlima humshusha aliyeumia bila malipo, lakini gari la wagonjwa na hospitali ni bili yake.

Niko Oslo. Huku bei zinatisha.

Acha lifti kwanza. Skii za nyikani hazina tiketi: panda metro hadi Sognsvann au Frognerseteren theluji ikishatulia, njia zimetengenezwa na ni bure. Vifaa azima kwa BUA, shirika linaloazimisha vifaa vya michezo bila malipo.

Ni haki kutumia dola kwenye theluji wakati ndugu zetu Baraka wana shida?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mimi nalichukulia kwa uzito. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii na kuingia nyumba za watu. Kila familia ina mtu wa kusaidia. Ninavyoshauri, pesa ya nyumbani itoke kwanza mshahara ukiingia, kisha weka pembeni kidogo kila mwezi tangu Mei. Usikope, na usiweke safari kwenye kadi ya mkopo. Lakini mtu aliyesimama usiku kucha kiwandani mwaka mzima anastahili siku yake moja ya hewa safi, na simkubali anayemwambia kwamba anawaibia ndugu zake.

Mimi niko hapa hapa Baraka. Theluji ya karibu ni ipi?

Iliyo karibu ni ya Rwenzori, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, lakini hiyo ni barafu ya wapanda milima, nayo inazidi kuyeyuka. Mahali pa skii ni Afriski, Lesotho, ambako msimu huanza Juni, kwetu kiangazi kikiwa kimeingia. Hesabu njia ya kupitia Johannesburg, na kwa pasipoti ya Kongo anza kushughulikia viza ya Afrika Kusini miezi kadhaa kabla. Usilipie chumba wala somo kabla viza haijagongwa.